Kabla hujafungia karanga: Magazeti ya zamani na amana ya maktaba ndogo

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Mama alipomaliza eda, miezi minne na siku kumi, wanawe tulikutana Kitete kukisafisha chumba cha marehemu baba. Nguo zake tulizitoa sadaka, deni dogo la dukani likalipwa, na misahafu ikagawiwa wajukuu. Chini ya kitanda palibaki sanduku la bati lililojaa magazeti. Baba alianza kuyakusanya akiwa kijana, zama ambazo gazeti la Dar es Salaam lilifika Tabora kwa gari moshi, na mmoja aliyejua kusoma akawasomea wenzake barazani. Upande mmoja wa sanduku mchwa walikuwa wamekwisha kuingia. Nafasi hatukuwa nayo, na aliyejua thamani ya vitu vile alikuwa kaburini. Tukayauza kwa kilo kwa muuza karanga.

Siku ya nne mpwa wangu alirudi nyumbani na karanga zilizofungwa katika karatasi ya manjano. Nilipoikunjua niliona Bismillahi, na chini yake nusu ya tafsiri ya aya, chumvi na mafuta vikiwa vimeipaka. Upande wa pili palikuwa na picha ya wanafunzi wa madrasa wamejipanga mbele ya msikiti. Walikuwa akina nani? Msikiti upi, na mwaka gani? Sehemu ya juu ya ukurasa, penye jina la gazeti na tarehe, ilikuwa imechanwa.

Basi tulikuwa tumefanya makosa mawili kwa mkono mmoja. Tuliiweka aya mahali pasipoistahili, na tuliiharibu habari ambayo huenda haikubaki popote pengine. Makala hii inayazungumza yote mawili, na inauliza swali ambalo familia nyingi hazijawahi kujiuliza: magazeti na majarida ya zamani yaende wapi, na maktaba ndogo ya umma, mfano wa maktaba za mikoa na wilaya zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, inaweza kuyafanyia nini?

Habari isiyo na tarehe

Waislamu tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Wanazuoni wa Hadithi hawakuipokea kauli mpaka wajue imepokewa na nani kutoka kwa nani. Aya iliyo ndefu kuliko zote, ya 282 katika Suratul Baqara, inaagiza deni liandikwe pamoja na muda wake na mashahidi wake. Habari isiyo na mwenyewe wala wakati ni uvumi tu.

Gazeti nalo lina sanadi yake: jina, tarehe, namba ya toleo na ukurasa. Ukiikata sehemu hiyo, habari iliyobaki imekuwa yatima. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mkutubi anayepokea gazeti ni kuandika vitu hivyo vinne, kabla hata ya kusoma kichwa cha habari.

Wala jina peke yake halitoshi. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, lilichapishwa Tanga gazeti lililoitwa Kiongozi. Mwaka 1950 likaanzishwa hapa Tabora gazeti la Kanisa Katoliki, nalo likaitwa Kiongozi. Mkutubi akiandika “Kiongozi” bila mahali wala mwaka, amechanganya magazeti mawili yasiyo na udugu. Kinyume chake, tarehe 26 Aprili 1972 magazeti ya The Standard na The Nationalist yaliunganishwa, likazaliwa Daily News. Msomaji atafutaye habari za mwaka 1971 hatalipata jina hilo rafuni, mpaka kadi imwambie mzazi wake aliitwa nani.

Mji uliokuwa njia ya habari

Tabora haikuwa njia ya pembe na nguo peke yake. Ilikuwa pia njia ya barua na habari. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na aliyesubiri neno kutoka pwani alisubiri kwa miezi. Na katika njia hiyohiyo kuna kisa kinachoonyesha kuwa gazeti kuukuu si takataka.

Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, David Livingstone aliishiwa na karatasi na wino. Akaandika shajara yake juu ya kurasa za gazeti la The Standard la London, kwa wino alioutengeneza kutokana na mmea, mistari ya mkono ikikatiza mistari ya chapa. Baadaye alifika pamoja na Stanley hapa Kwihara, karibu na Tabora, akakaa hadi Agosti 1872. Wino ule ulififia hata maandishi yasisomeke. Mwaka 2011, baada ya miaka 140, wataalamu walitangaza kuwa wameyasoma tena kwa kuzipiga picha kurasa zile chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Miongoni mwa yaliyomo ni ushahidi wa mauaji ya sokoni Nyangwe ya Julai 1871. Ushahidi huo ulisomeka kwa sababu kuna mtu aliyezitunza karatasi ambazo mwingine angezifungia karanga.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni wa Mombasa. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa, karatasi ndogo ya kuwazindua Waislamu kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Makala za Sahifa zilikusanywa katika kitabu Uwongozi mwaka 1944, na mwaka 2017 zikatolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Karatasi chache za mji mmoja zimewafikia wasomaji wa karne nyingine kwa kuwa zilikusanywa mapema, kabla hazijatawanyika.

Rafu hazitoshi, basi nini kibaki?

Hapa ndipo ugumu ulipo. Gazeti moja la kila siku hutoa matoleo zaidi ya 300 kwa mwaka. Maktaba ikipokea manne, hayo ni zaidi ya 1,200, na kwa miaka kumi yamepindukia 12,000. Hakuna maktaba ndogo yenye chumba cha kuyaweka yote, na inayojaribu kuweka kila kitu mwishowe haipati kitu, kwa sababu lundo lisilopangwa ni sawa na lundo lililotupwa.

Jibu la busara ni kugawa kazi. Magazeti makubwa ya nchi yana walinzi wengine. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji wawasilishe nakala za machapisho yao kwa Bodi, na Maktaba Kuu ya Taifa imekuwapo Dar es Salaam tangu mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyiko wake wa Afrika Mashariki. Hata nje, Chicago nchini Marekani, mradi wa ushirika wa maktaba ulioanza mwaka 1963 umehifadhi magazeti mengi ya Afrika katika filamu ndogo. Kwa hiyo maktaba ya mkoa ikiweka gazeti la kila siku kwa miezi michache, kisha ikaliachia, haijaidhulumu historia.

Majarida yapimwe kwa manufaa. Jarida la kilimo, afya au malezi linalosomwa mara kwa mara likusanywe kwa mwaka na kujalidiwa. Lisiloguswa na mtu, na ambalo lina nakala kwingine, lipewe shule.

Lakini kuna kundi la tatu, nalo ndilo amana hasa: machapisho ya hapa. Jarida la shule, taarifa ya chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku, ratiba ya futari ya Ramadhani iliyotolewa na msikiti, tangazo la maulidi, orodha ya waliohitimu madrasa, kijarida kilichotoka mara tatu kikafa. Hayo hayapo Chicago, na mara nyingi hayapo Dar es Salaam. Tabora isipoyahifadhi, ulimwengu mzima hautakuwa nayo. Hayo yawekwe yote, hata nakala ikiwa moja, na yasiondolewe kamwe.

Chukua mfano wa Januari 1958, TANU ilipofanya hapa Tabora mkutano wake mkuu wa kuamua juu ya kura tatu. Uamuzi wenyewe umeandikwa katika vitabu vingi. Lakini wageni walilala kwa nani, kinamama gani waliwapikia, mitaa ilikuwa na hali gani? Mambo ya namna hiyo hukaa katika barua kwa mhariri, katika matangazo madogo na katika picha zilizo pembeni mwa ukurasa.

Kazi ya kila asubuhi

Utunzaji wa magazeti hauhitaji mitambo. Unahitaji mtu mwenye desturi. Kila gazeti liwe na kadi au ukurasa wake daftarini wenye miraba ya tarehe. Toleo likifika, mraba unatiwa alama na gazeti linapigwa muhuri, kisha linakwenda mezani kwa wasomaji. Mraba ukibaki mtupu wiki nzima, mkutubi amuulize wakala wakati nakala bado zipo, kwani toleo la juzi hupatikana, la mwaka juzi ni shida kupatikana.

Pili ni faharasa. Mkutubi hawezi kuorodhesha kila habari ya kila gazeti, lakini anaweza kuorodhesha zinazoitaja Tabora na wilaya zake. Dakika kumi kwa siku zinatosha: mada, jina la gazeti, tarehe, ukurasa. Baada ya miaka mitano mwanafunzi atakayeuliza habari za reli, za asali au za Hospitali ya Kitete hatapewa lundo, atapewa ukurasa.

Tatu ni ulinzi. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, kwa hiyo hugeuka manjano na kukatika ikipigwa na jua. Iwekwe mbali na dirisha, ilazwe badala ya kusimamishwa, ndani ya boksi lenye kifuniko. Rafu ziwe za chuma, ziachane na ukuta na ziinuke kutoka sakafuni, ili njia ya mchwa ionekane mapema. Pini huacha kutu, na utepe wa gundi huacha doa lisilotoka, vyote viepukwe. Wakati wa kiangazi vumbi lipanguswe kwa kitambaa kikavu, na kabla ya masika paa likaguliwe.

Nne ni picha. Siku hizi simu ya mkononi inaweza kupiga picha ya ukurasa ikasomeka. Hiyo ni heri, ilimradi kila picha ipewe jina lenye gazeti, tarehe na ukurasa, na ihifadhiwe mahali pawili. Picha elfu zisizo na majina ni sanduku la baba kwa sura nyingine.

Kurasa zenye aya

Na yale yanayoondolewa? Magazeti ya Kiislamu, na hata mengine hasa mwezi wa Ramadhani, hubeba aya na majina ya Mwenyezi Mungu. Yasiuzwe kwa kilo kabla ya kukaguliwa. Kwanza yaulizwe madrasa na misikiti kama yanahitajika. Yaliyochakaa yasiyofaa tena yana njia mbili zilizozungumzwa na wanazuoni. Sayyidna Uthman (r.a.), alipowaunganisha Waislamu juu ya msahafu mmoja, aliamuru nakala nyingine zichomwe, hapo wapo waliochukua ruhusa ya kuchoma kwa heshima. Wengine, hususan wa madhehebu ya Hanafi, wamependelea kuzika mahali safi pasipokanyagwa. Mkutubi na amuulize sheikh wa mji wake, naye atamwongoza.

Wajibu wa nyumbani

Familia nayo ina sehemu yake. Mzee akiwa hai, muulize sanduku lina nini, na uandike majina nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi. Akifariki, usiyaguse magazeti mpaka mmoja wenu ameyapitia na kutenga ya hapa nyumbani: ya mtaa, ya msikiti, ya shule. Hayo yapelekeni maktaba mkiwa na orodha. Msione vibaya mkutubi akiyakataa baadhi, au akiyatenga kwanza asije akaingiza mchwa rafuni. Anayekataa kwa sababu anazo nakala ni mwaminifu kuliko anayepokea kila kitu na kukisahau stoo. Nanyi warithi mkikubaliana, toeni kwa nia ya sadaka yenye kuendelea, kwa kuwa elimu yenye kunufaisha ni miongoni mwa mambo ambayo thawabu zake hazikatiki kwa kifo.

Sisi tulichelewa. Nilirudi kwa muuza karanga, nikakuta amebakiwa na nakala 11, akanirudishia bila kutaka faida. Zote zina tarehe. Ukurasa wa madrasa nimeuambatisha nazo, pamoja na karatasi niliyoandika: ulitoka katika sanduku gani, Kitete, na kwamba wanafunzi walio pichani hawajulikani. Ninaona haya kila nikiisoma karatasi hiyo. Lakini pengine siku moja ataingia mzee kusoma gazeti la asubuhi, ataiona picha ile, na ataweka kidole juu ya sura ya mtoto mmoja na kusema, “Huyu ni mimi.”

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitambua amana kabla hazijatutoka mikononi. Amin.