Chumvi ya Tangi la Samaki: Tusome Lebo Kabla ya Kulipa

Mfugaji wa samaki wa mapambo wa maji baridi huuziwa chumvi iliyotiwa katika kopo dogo lenye picha ya samaki, kwa bei inayoishinda mbali ile ya chumvi ya jikoni. Tunamshauri ageuze kopo na kusoma lebo. Ikiwa kilichotajwa ni kloridi ya sodiamu pekee, basi anauziwa kitu kile kile kilichomo katika mfuko wa chumvi ya mawe sokoni. Lebo isiyotaja kilichomo haistahili fedha yake hata kidogo.

Chumvi ya mawe nyeupe, itokanayo na maji ya bahari yaliyoanikwa juani, yatosha kabisa. Iyeyushwe kwanza katika ndoo. Mchanga ukituama, maji ya juu ndiyo yamiminwe tangini. Chumvi laini ya mezani huongezwa madini joto, na wauzaji wengine huyataja kuwa ni sumu ya samaki. Hofu hiyo, tuseme kweli, imetiwa chumvi: kiasi chake ni kidogo mno kuwadhuru samaki. Hata hivyo, isiyo na nyongeza yoyote ndiyo tunayoipendelea ikipatikana.

Hatari iko kwingine. Magadi si chumvi, ingawa huuzwa kando yake na kufanana nayo. Hupandisha ualikali wa maji, na penye ualikali mwingi amonia itokayo katika kinyesi cha samaki huzidi ukali. Tangi zima laweza kufa. Chumvi ya haluli nayo ni salfeti ya magnesiamu, haiwezi kufanya kazi tunayoieleza hapa. Chumvi ya matangi ya bahari ina kalsiamu na magnesiamu, hufanya maji kuwa magumu, na ni ghali bure.

Samaki wa maji baridi hawahitaji chumvi kila siku. Hata wale wa Ziwa Tanganyika wamezoea maji magumu, si maji ya chumvi. Hutumiwa kama tiba: gramu 1 kwa lita huwakinga dhidi ya naitraiti katika tangi jipya, na gramu 3 kwa lita, zikiongezwa kidogo kidogo kwa siku mbili, hupambana na ugonjwa wa madoa meupe. Mimea ya majini na kambare wadogo wa mapambo huathirika upesi, wahamishwe kwanza.

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 huchukua lita 54. Kwa kipimo cha kwanza litahitaji gramu 54, hivyo kilo moja yatosha mara 18. Tumia mizani, kijiko hudanganya, kwani chembe kubwa na laini hazijazi sawa.

Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matupu, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Chumvi mpya itiwe kwa kadiri ya maji yaliyochotwa na kumwagwa tu.