Hasimu, Mshindani na Mlipiza Kisasi

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kumtaja mtu aliyesimama upande wa pili. Yupo mshindani, yupo mpinzani, yupo hasimu, yupo adui. Na nyuma yao wote huja mlipiza kisasi. Katika mazungumzo ya barazani, na wakati mwingine hata katika hotuba za viongozi, maneno haya hutumiwa kana kwamba ni sarafu za thamani moja, na lolote linalotangulia mkononi ndilo litolewalo. Sivyo yalivyo. Kila moja lina mpaka wake, na visiwa hivi vimekwisha kulipa gharama kubwa kwa kuivuka mipaka hiyo.

Tuanze na mshindani. Kushindana ni kitenzi cha kutendana, na hapana mtu awezaye kushindana peke yake. Mshindani, basi, ni mtu unayemhitaji. Asipokuja uwanjani hapana mchezo. Wazee wetu walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Yaani, sharti la ushindani ni kuikubali hukumu ya mwamuzi. Ndiyo maana klabu za Simba na Yanga, zilizoanzishwa katika miaka ya 1930, huitwa watani wa jadi. Mtani ni mtu wa karibu, mwenye ruhusa ya kukukejeli leo na kesho akawa wa mwanzo kufika mazikoni kwako.

Mpinzani ana asili moja na kupinga, na kupinga ni kuweka kitu kikingame njiani. Humo ndimo kilimotoka kipingo cha mlango na pingamizi la mahakamani. Kipingo si mwizi. Ni sehemu ya mlango wenyewe. Tazama namna mpinzani asemavyo katika Baraza la Wawakilishi. Hamkabili Waziri moja kwa moja, bali huanza kwa kusema, “Mheshimiwa Spika.” Hata maneno makali kuliko yote hupitia kwanza kwa mtu wa tatu.

Hasimu ni neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu mwenye shauri na mwenziwe mbele ya kadhi. Mdai ni hasimu wa mdaiwa, na mdaiwa ni hasimu wa mdai. Siku shauri lilipokatwa, uhasama ulipaswa kwisha. Adui yu mbali na hawa. Shina lake la Kiarabu limebeba maana ya kuruka mpaka, na baina ya maadui hakuna mwamuzi anayetambuliwa na pande zote mbili. Kwa hiyo ilikuwa ni busara kubwa kwa viongozi wa awali wa uhuru, walipotaka kuwahimiza wananchi, kuwatangazia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hapakuwa na jirani wa mtu katika orodha ile.

Ama kisasi, asili yake ni kisasi cha sheria, ambacho kwa Kiarabu ni qisas. Katika maana hiyo, kisasi ni kipimo: jeraha halizidi jeraha, na nafsi hailipwi kwa nafsi mbili wala kwa ukoo mzima. Wanazuoni wengi wa fikihi wameshurutisha kwamba kithibitishwe mbele ya kadhi na kitekelezwe kwa idhini ya mwenye mamlaka. Zaidi ya hayo, aya ya 178 ya Sura ya Al-Baqara, ambayo ndiyo iliyokiweka, papo hapo inafungua mlango wa msamaha na fidia, na inamwita mwenye haki ya damu kuwa ni ndugu wa aliyeua. Sisi katika matumizi yetu tumelichukua neno na kukiacha kipimo. Mlipiza kisasi tumjuaye leo ni mtu aliyejifanya mwenyewe mdai, shahidi, kadhi na mtekelezaji. Tena kulipiza si kulipa. Ni kumlazimisha mwingine alipe, naye akishalipizwa hujiona kuwa sasa ndiye anayedai. Deni la namna hiyo halina siku ya kwisha.

Wazee wa Makunduchi waliijua hatari hii. Katika sherehe za Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili hukabiliana na kuchapana kwa mashina ya migomba, na inaaminika kuwa vinyongo vya mwaka uliopita huishia hapo. Hawakudai kwamba binadamu hana kinyongo. Walikipa kinyongo siku yake, uwanja wake na silaha isiyoua.

Pale kipimo kilipoachwa, matokeo tunayajua. Katika Zama za Siasa, baina ya 1957 na 1963, maduka yaligomewa na ndugu wakaacha kuzikana kwa sababu ya vyama. Na katika fujo zilizofuata uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, maradhi yale yalirudi pamoja na uchaguzi wa 1995 na ule wa 2000, na Januari 2001 damu ikamwagika tena. Palihitajika Muafaka wa 1999, wa pili wa Oktoba 2001, na hatimaye Maridhiano ya Novemba 2009. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali washindani wakae katika Serikali moja. Maridhiano nalo ni neno la kutendana: hapana aridhianaye peke yake.

Msomaji ataona kwamba maneno haya yote, isipokuwa adui, yanamtaka mtu wa tatu asimame katikati. Mshindani ana mwamuzi, mpinzani ana Spika, hasimu ana kadhi, na hata kisasi cha asili kina mahakama. Katika maisha ya kila siku ya mwananchi, mtu huyo wa tatu ni mtumishi wa Serikali. Sheha anapomthibitisha mkaazi wa shehia yake, mwalimu anapoandikisha mtoto, askari anapopokea malalamiko, karani anapogawa fomu: huyo ndiye mwamuzi. Akimtazama aliye mbele yake akasema moyoni, “Huyu si wetu,” amekwisha kuondoka katikati na kuhamia upande mmoja. Mwananchi asiyeona mtu katikati hujifunza kujilipizia mwenyewe.

Kwa hiyo kuchunga maneno si kazi ya washairi na walimu peke yao. Ofisini na jukwaani, mshindani aitwe mshindani, na mpinzani aitwe mpinzani. Neno adui na tuwawekee ujinga, maradhi na umaskini, ambao hawajaondoka bado. Na yule aliyekabidhiwa muhuri wa Serikali akumbuke kwamba muhuri ule haukuwekwa upande wa mdai wala wa mdaiwa.