Kifafa cha Mimba: Jina Lichelewalo

Mimi si daktari wa tiba. Ni mwalimu wa isimu. Hata hivyo, ipo istilahi moja ya hospitalini ambayo sisi walimu wa lugha hatuna budi kuitazama upya: kifafa cha mimba.

Kasoro ya jina hili ni kwamba hutaja degedege, ambayo ni hatua ya mwisho ya maradhi. Mja mzito ambaye hajaanguka atajuaje kwamba anaumwa? Isitoshe, miongoni mwa watu wengi neno kifafa lingali linahusishwa na mapepo na kurogwa. Ilhali maradhi yenyewe aghalabu huanza kimyakimya, mapema mno kabla ya degedege.

Wataalamu wanaeleza kwamba katika mimba ya kawaida chembe za kondo la nyuma hupenya ukuta wa mji wa mimba na kuipanua mishipa ya damu. Kinga ya mama haina budi kuafikiana na mgeni huyu, kwani nusu ya urithi wake umetoka kwa baba. Maafikiano hayo yakivurugika, mishipa hubaki myembamba, na kondo lililokosa damu ya kutosha huichokoza kinga ya mama. Hapo ndipo uzukapo mchochota, yaani ile hali ya mwili kuwaka ndani kwa ndani kana kwamba unapambana na adui.

Mnamo 1999 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitoa hoja kwamba kila mimba huamsha mchochota kiasi, bali katika maradhi haya huvuka mpaka. Protini za kinga kama TNF-alfa na intalukini-6 huonekana zimeongezeka damuni. Mnamo 2003 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kuwa protini ya sFlt-1 itokayo kwenye kondo huzidi na kuinyima mishipa vichocheo vyake vya ukuaji. Matokeo yake, presha hupanda na figo kuvujisha protini. Waama, kikulacho ki nguoni mwako.

Si Kiswahili peke yake kilichoteleza. Eklampsia latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kumetuka ghafla, kama umeme wa radi. Baadaye Wazungu wakayaita maradhi haya sumu ya damu. Sumu yenyewe haikupatikana.

Napendekeza hatua ya awali tuiite presha ya mimba. Watakaolalamika kwamba presha ni neno la mkopo wakumbuke kwamba hata daktari ni neno la mkopo. Jina hili humwelekeza mama kwenye kipimo. Presha ikifika 140/90 baada ya wiki 20, au kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli na tumbo likiuma chini ya mbavu, asingoje kuanguka. Dawa ipo: utafiti wa 2002 uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33 ulithibitisha kwamba magnesi salfeti hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu.

Walimu wenzangu, wasichana tunaowafundisha leo ndio akina mama wa kesho. Mwalimu wa biolojia na mwalimu wa Kiswahili na washirikiane kulifunza somo hili kwa lugha inayoeleweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.