Bei ya Nakonde, bei ya Kasumulu na bei ya Mwanjelwa: piga hesabu kabla hujaposti

Wadau, kila wiki lazima mteja mmoja aniandikie hivi: "Mbona Nakonde hiyo kitu ni bei chee?" Sisi wa Mbeya tuna bahati na mtihani kwa pamoja. Ukishuka Tunduma unavuka Zambia kwa miguu, ukienda Kyela mpaka Kasumulu uko mlangoni mwa Malawi. Nchi tatu, maduka matatu, na mteja wako ana simu. Anazilinganisha zote akiwa amekaa kwenye kochi.

Kwanza pesa. Kwacha za Zambia na Malawi zimefanana jina tu. Zambia walikata sifuri tatu mwaka 2013, ndiyo maana kwacha yao moja siku hizi inanunua shilingi zetu nyingi. Ya Malawi imeshuka sana, na Novemba 2023 benki yao kuu iliishusha thamani kwa asilimia 44 kwa mkupuo. Halafu kule bei ya benki na ya wabadilisha pesa wa mtaani ni mbingu na ardhi. Kwa hiyo ukiona mtu amepiga picha bei ya rafuni akaandika "kwacha" peke yake, muulize ya wapi, na amebadilishia wapi.

Sasa twende kwenye biskuti. Namba hizi ni za mfano, weka zako. Katoni ya pakiti 12 Nakonde ni kwacha 200. Tuseme kwacha ni shilingi 110, inakuja 22,000, sawa na 1,833 kwa pakiti. Mwanjelwa jumla katoni 24,000, yaani 2,000 pakiti. Unaona faida ya 2,000 kwa katoni, unachukua katoni kumi, 20,000 hiyo mfukoni. Toa nauli ya Mbeya–Tunduma kwenda na kurudi, 12,000. Toa bajaji na mbeba mzigo, 6,000. Toa chakula, 3,000. Umeshakula hasara ya buku, na ushuru hatujagusa, na siku nzima hujajibu wateja.

Bado. Geuza pakiti usome uzito. Ya Nakonde ni gramu 150, ya Mwanjelwa gramu 200. Gawanya: ile "chee" ni shilingi 12 na ushee kwa gramu, ya kwetu ni 10. Hapa ndipo wengi tunapigwa, maana picha haioneshi gramu. Mimi kila posti yangu inaandika uzito kabla ya bei, na maswali ya Nakonde yamepungua sana.

Huu mchezo wa vipimo vidogo uko kila mahali, tusidhani ni ujanja wa Kibongo. Sisi tuna mafuta ya kupima na sukari robo. Zambia kwenye tuntemba, vile vibanda vyao, unga unafungwa vifuko vidogo wanaviita pamela. Kenya wanasema kadogo. Ukipiga kwa kilo, mwenye hela ndogo ndiye anayelipa bei kubwa, nchi zote.

Ushuru sasa. VAT ya Zambia ni 16%, ya kwetu 18%, na mzigo ukiingia huku unalipa ya huku. Bidhaa iliyomalizwa kiwandani inaweza kudaiwa forodha 25% au hata 35%, labda uwe na cheti cha uasili cha SADC kinachoonesha imetengenezwa Zambia au Malawi kweli. Tangu 2019 Tunduma na Nakonde ni kituo cha pamoja, unamalizana na nchi mbili sehemu moja, kwa hiyo kuuliza si safari. Sukari ya njia za panya naiacha kabisa. Ile ya Zambia inajulikana, mfuko umeandikwa vitamini A, na wewe umeiposti na namba yako ya simu juu! Losheni za kung'arisha ngozi nazo hivyo hivyo. Zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku, na TBS nao wana Instagram.

Jambo la mwisho, oda za kulipia kabla. Mwaka 2025 mnakumbuka: Machi Malawi walizuia mchele, ndizi, tangawizi, unga na mahindi kuingia kwao, na Aprili sisi tukazuia mazao yao. Baadaye mambo yakalegea, lakini hebu fikiria umeshachukua hela ya mtu wa Karonga na ndizi za Tukuyu ziko kwenye gari. Ndizi haisubiri mawaziri. Kwa mzigo wa kuvuka mpaka mimi nachukua nusu tu, na naandika kwenye meseji kabisa kwamba mpaka ukifungwa hela inarudi ndani ya siku tatu. Mteja akikataa hayo, namwelekeza Tunduma akanunue mwenyewe.