Treni ndogo za Chicago na hesabu ya mwenye mzigo

KONTENA la futi 40 hapa lina urefu wa sentimita 14 tu. Mtoto wa chekechea angeweza kulibeba kwa mkono mmoja. Linatoka Seattle, pwani ya magharibi ya Marekani, linapanda milima, linakata mbuga za nafaka na kuingia Chicago bila kushushwa hata mara moja.

Safari hiyo hufanyika kila siku ndani ya Jumba la Makumbusho ya Sayansi na Viwanda la Chicago, katika jengo lililojengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1893. Mfano huo wa reli, uitwao The Great Train Story, ulifunguliwa mwaka 2002 na kuchukua nafasi ya mwingine uliokuwapo tangu 1941.

Umeenea katika eneo la takribani mita za mraba 325. Zaidi ya treni 20 hukimbia juu ya reli zenye urefu wa zaidi ya mita 420. Kila kitu kimepunguzwa kwa uwiano wa 1 kwa 87. Hata hivyo, mafundi walilazimika kuikata njia. Kutoka Seattle hadi Chicago ni kilomita 3,550, na kama wangezifuata zote kwa uwiano huo, wangehitaji reli ya karibu kilomita 41.

Upande wa Chicago, maghorofa ya katikati ya jiji yamesimama yakimzidi mgeni kimo, na treni za abiria zinapita kati yake kwenye reli iliyoinuliwa juu ya barabara. Upande wa pili, mgeni hubonyeza kitufe na daraja la Seattle likafunguka. Vitufe vingine huonyesha mbao zinavyovunwa na handaki linavyochimbwa milimani. Ujumbe ni kwamba treni haijiendeshi kwa ajili ya treni. Inafuata mzigo.

Ndivyo Chicago ilivyokua. Mwaka 1848 ilipata reli yake ya kwanza na pia soko lake la nafaka, Chicago Board of Trade. Kuanzia 1865 machinjio yake makubwa yalipokea mifugo iliyoletwa kwa treni. Hadi leo, karibu robo ya shehena inayosafirishwa kwa reli nchini Marekani hupitia jiji hilo.

Lakini kitu chenye thamani kuliko vyote kwenye mfano huo ni kidogo mno, na wengi hukipita bila kukiona: nafasi kati ya vyuma viwili vya reli. Ni milimita 16.5, sawa na milimita 1,435 za reli ya kweli. Kutoka mwanzo hadi mwisho, nafasi hiyo haibadiliki.

Marekani yenyewe haikuanza hivyo. Reli nyingi za majimbo ya kusini zilikuwa pana kuliko za kaskazini, na mzigo ulipofika mahali pa kukutana ulikuwa na gharama mpya: vibarua, muda na bidhaa zilizovunjika. Mwaka 1886, kwa siku mbili tu, Mei 31 na Juni 1, mafundi walisogeza chuma kimoja kwenye zaidi ya kilomita 18,000 za reli za kusini, nazo zikawiana na za kaskazini.

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anaijua gharama hiyo. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, reli ya zamani ya Tanzania milimita 1,000. Zinapokutana Kidatu, mzigo huhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Reli mpya za SGR za Kenya na Tanzania zina upana ule ule wa Chicago, milimita 1,435, lakini ile ya Kenya iliyoanza Mombasa mwaka 2017 ilifika eneo la Naivasha 2019 na kuishia hapo. Mzigo wa reli wa kwenda Malaba na Uganda hubadilisha treni na kuingia kwenye reli ya zamani.

Mfano wa Chicago nao una jambo moja usilolionyesha: foleni. Jijini, reli za kampuni nyingi zinapishana, na treni za mizigo husubiri zamu yake kupita. Mwaka 2003 serikali na kampuni za reli zilianzisha mpango wa CREATE wa kujenga madaraja na njia za kupishana ili kupunguza msongamano huo.

Kwa hiyo upana mmoja peke yake haumalizi kazi. Lakini mwenye mzigo akitazama kontena lile dogo likivuka milima bila kuguswa, hahitaji kuelezwa limeokoa nini. Hesabu hiyo anaifanya mpakani kila mara anapowalipa wapakiaji.