DAGAA WA KARANGA: KITOWEO CHA HARAKA, MAFUTA KIJIKO KIMOJA



Kule pwani, kitoweo cha sifa ni samaki wa nazi. Samaki hukaangwa kwanza, kisha hupikwa katika tui zito. Ni chakula kitamu, lakini kina mafuta mengi na kinachukua muda.

Wewe uko Chitete, wilayani Momba, mbali na bahari. Nazi ni ya kununua. Lakini dagaa wakavu wanapatikana sokoni, na karanga zinalimwa. Kwa vitu hivi viwili unaweza kupika kitoweo kizuri kabla ugali haujapoa.

Kwa nini dagaa?

Ugali hutia nguvu, lakini peke yake haujengi mwili wa mtoto. Mwaka 2022 utafiti wa serikali ulionyesha kwamba nchini Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Katika mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambako mahindi huvunwa kwa wingi, hali ilikuwa mbaya zaidi. Basi ghala kujaa si dawa ya udumavu. Mtoto anahitaji pia vyakula vya kujenga mwili.

Dagaa hujenga mwili. Huliwa pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ina madini ya chokaa yanayoimarisha mifupa na meno.

Vitu vinavyotakiwa kwa watu 6

Dagaa wakavu vikombe 2. Karanga zilizotwangwa nusu kikombe. Nyanya 4. Kitunguu 1. Mchicha au majani ya maboga fungu 1. Mafuta kijiko 1 cha chakula. Ndimu 1.

Namna ya kupika

1. Loweka dagaa katika maji ya moto kwa dakika 5. Watoe kwa mkono, usimwage pamoja na maji, ili mchanga ubaki chini. Rudia mara 3.
2. Wakati dagaa wamelowekwa, katakata nyanya, kitunguu na mboga.
3. Kaanga kitunguu kwa kile kijiko kimoja cha mafuta. Tia nyanya, funika mpaka zilainike.
4. Tia dagaa na maji vikombe 2. Acha vichemke dakika 5.
5. Koroga karanga kwa maji kidogo, mimina, punguza moto. Endelea kukoroga dakika 10 ili zisiungue.
6. Tia mboga, acha dakika 3. Epua, kamulia ndimu.

Onja kabla ya kutia chumvi, kwa sababu dagaa wengine wametiwa chumvi tayari. Chumvi nyingi huleta shinikizo la damu. Mtu mzima asizidishe kijiko 1 cha chai kwa siku katika vyakula vyote.

Tahadhari: karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zitupe. Zinaweza kuwa na sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa.

Nani anakula dagaa?

Katika nyumba nyingi dagaa huwekwa katika bakuli la baba. Mtoto hupewa mchuzi. Ndugu baba, mchuzi peke yake haumtoshi mtoto. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo ndio wanaohitaji dagaa zaidi. Wagawie kwanza.

Mtoto wa chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama tu. Akifikisha miezi 6, chukua dagaa walioondolewa mchanga na kukauka vizuri, watwange wawe unga laini, kisha tia kijiko kimoja katika uji wake unapochemka.

Jioni ya leo, kabla ya kunawa mikono, tazama bakuli la mtoto wako. Je, lina dagaa, au lina mchuzi tu?

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini mtoto anaweza kudumaa katika nyumba yenye mahindi mengi?
2. Utatambuaje karanga zisizofaa kuliwa?
3. Nyumbani kwako, nani hupakuliwa kitoweo kwanza?