Maradhi Sanjari: Istilahi ya Magonjwa ya Akili na Uraibu kwa Vijana

Istilahi haiundwi kwa ajili ya kupamba kamusi. Huundwa kwa sababu kuna kazi isiyoweza kufanyika vizuri pasipo nayo. Katika makala haya tunakusudia kujadili dhana moja inayowatatiza watafsiri wa maandishi ya afya, nayo ni hali ya mtu, hasa kijana, kuwa na ugonjwa wa akili na wakati huohuo kuwa na uraibu wa pombe, bangi au kilevi kingine. Dhana hii huelezwa kwa sentensi ndefu, na kila mwandishi huwa na sentensi yake. Jambo lisilo na jina moja ni shida kuliandika katika cheti cha mgonjwa, na ni shida zaidi kumweleza mzazi.

Tuchukue mfano wa kata ya Bweri, katika Manispaa ya Musoma. Musoma ni mji wa ziwani, ambamo Kiswahili hukutana na Kikwaya, Kijita, Kiruri na Kikurya, na katika Mkoa wa Mara bangi na gongo si vitu vigeni. Tuseme kijana wa huko ameanza kujitenga na wenzake, halali usiku, na husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Tena yajulikana kwamba huvuta bangi. Watakaomwita "mvuta bangi" watasema ni mhuni, anastahili polisi. Watakaomwita "kichaa" watasema amerogwa na apelekwe kwa mganga, au watataja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, ambayo jina lake limegeuzwa kuwa la dhihaka. Kila jina humfungulia kijana huyo mlango mmoja na kumfungia mwingine. Ndiyo maana tunasema kwamba suala la istilahi hapa ni suala la tiba.

Kabla ya kuchagua jina, hapana budi kuielewa dhana yenyewe. Wataalamu wanazitambua njia tatu:

(a) Kilevi kuongeza hatari ya ugonjwa. Mwaka 1987 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia vijana 45,570 wa Sweden walioandikishwa jeshini. Waliovuta bangi zaidi ya mara 50 walionekana kupatwa na skizofrenia mara 6 zaidi ya wasioivuta.

(b) Ugonjwa kutangulia kilevi. Mwaka 1985 daktari Edward Khantzian wa Marekani alieleza kwamba baadhi ya waraibu hutafuta katika kilevi nafuu ya maumivu ya nafsi waliyokuwa nayo tangu awali. Kijana mwenye sonona huweza kunywa ili asahau.

(c) Vyote viwili kutokana na chanzo kimoja, kama vile urithi wa damu au mateso ya utotoni.

Ujana ndio umri ambao njia hizi hukutana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya miaka 14 kutimia, na umri wa kujaribu vilevi hauko mbali na hapo. Mara nyingi mganguzi hawezi kujua siku ya kwanza ni kipi kilichotangulia.

Kwa hiyo basi, jina linalofaa ni lile lisilotoa hukumu juu ya chanzo. Tuyapime yaliyopo. "Maradhi nyemelezi" limezoeleka tangu ulipoingia ukimwi, lakini linadai kwamba ugonjwa mmoja umeuvizia mwili uliokwisha kudhoofishwa na mwingine. "Maradhi ambatani" linadokeza kwamba mmoja ni mkuu na mwingine umeugandamia. "Maradhi pacha" linapendeza sikioni, ila pacha huzaliwa tumbo moja, na hiyo ni njia ya (c) peke yake.

Sisi tunapendekeza "maradhi sanjari". Neno sanjari lilitumika kwa vyombo visafirivyo pamoja. Huenda mtu akapinga kwamba vyombo hivyo hufuatana, hivyo kimoja hutangulia. Tunajibu kwamba katika matumizi ya leo "sanjari na" ni "pamoja na", na halisemi nani aliye mbele. Mganguzi akiandika "maradhi sanjari: sonona na uraibu wa pombe", amesema kwamba yote mawili yatibiwe, wala hapana la kungojea mwenzake liishe.

Istilahi hii yahitaji majirani wema. Kwanza, "dawa za kulevya", neno la sheria ya mwaka 2015, halitoshi hapa, kwa kuwa msikilizaji halihesabu gongo. Aidha neno "dawa" huleta utata: tangu Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikiwapa waraibu wa heroini methadoni, na mgonjwa huyo akisema "natumia dawa", jirani anaelewa lipi? Neno "vilevi" linakusanya vyote. Pili, "teja" ni neno la mtaani lenye dharau. "Mraibu" litumike kwa mgonjwa. Tatu, "arosto", yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichozoea, lisitupwe kwa sababu tu limetoka vijiweni. Waraibu wenyewe hulielewa, na mganguzi akilitumia atajibiwa.

Tunawaomba waganguzi, walimu na wazazi wayajaribu maneno haya kazini mwao na watuletee maoni. Neno likishindwa kueleweka na mama wa Bweri aliyeketi na mwanawe mbele ya muuguzi, halikufaulu, hata kama limeidhinishwa na kikao.